Tone Linakwenda Wapi? Modeli ya Kompyuta na Safari ya Dawa Ndani ya Jicho



Kila Ramadhani inapokaribia swali moja hurudi barazani, darsani na hata vyumbani kwetu hapa kampasi: mgonjwa akitia dawa ya matone machoni mchana, saumu yake inabaki? Anayeuliza mara nyingi ana sababu. Amesikia uchungu wa dawa kooni. Aliitia jichoni, akaionja mdomoni. Imepita wapi?

Upande wa fiqhi tutaufikia, na jibu lake liko kwa mashekhe kabla ya kuwa kwetu. Lakini ndani ya swali hilo mna jingine ambalo ni la wanafunzi wa tiba, famasia, hisabati na uhandisi. Tone likishatoka kwenye chupa linakwenda wapi, kwa kiasi gani, na kwa muda gani? Huwezi kuchoma sindano ndani ya jicho la mtu mzima kila dakika ili upime. Ndiyo maana wataalamu hujenga jicho ndani ya kompyuta: wanaliwekea ukubwa wake, maji yake, kuta zake na milango yake, kisha wanaitia dawa humo na kuifuatilia. Hiyo ndiyo modeli. Somo hili ni la kuanzia tu. Aliyesoma hisabati ya mwaka wa kwanza atalifuata lote, na asiyeisoma anaweza kuruka milinganyo michache iliyomo, kwa sababu maana yake nimeieleza kwa maneno.

Hesabu ya tone moja

Tone la chupa ya kawaida lina mikrolita 30 hadi 50. Tuchukue 40, yaani mililita moja inatoa matone 25. Juu ya jicho tayari kuna machozi, takriban mikrolita 7. Nafasi yote iliyopo kati ya jicho na kope hubeba kama mikrolita 30, na mtu akipepesa hubeba chini ya hapo. Sasa jumlisha: 40 na 7 ni 47. Mikrolita 17 zimekosa nafasi kabla hata hatujaanza hesabu. Nyingine zimeteremka shavuni, nyingine zimeingia njia ya puani. Ndiyo maana matone mawili kwa mpigo hayamzidishii mgonjwa kitu. La pili linalisukuma nje la kwanza, na chupa inaisha mapema. Mwenye dawa mbili tofauti naye asubiri angalau dakika 5 kati ya moja na nyingine.

Kile kilichobaki hakitulii. Machozi mapya yanaingia, ya zamani yanatoka. Jicho likiwa limetulia, takriban asilimia 16 ya machozi hubadilishwa kila dakika. Tukiita C ukolezi wa dawa ndani ya machozi, mlinganyo wetu wa kwanza ni huu:

dC/dt = −kC, ambapo k = 0.16 kwa dakika

Maana yake: kadiri dawa ilivyo nyingi, ndivyo inavyopotea kwa wingi. Jibu lake mnalijua, ni C = C₀e^(−kt). Baada ya dakika 5 imebaki asilimia 45. Baada ya dakika 15 imebaki asilimia 9. Baada ya nusu saa haifiki hata asilimia 1. Na hapa nimelihurumia tone, kwa kuwa dakika za mwanzo, jicho likiwa limejaa kupita kiasi na mtu anapepesa, kasi huwa kubwa zaidi ya hiyo.

Fungua programu yoyote ya majedwali kwenye kompyuta, au hata kwenye simu. Andika 100 kwenye kisanduku cha kwanza, na kila kisanduku kinachofuata kiwe kilichotangulia mara 0.84. Ukifika dakika ya 5 utaona 42, si 45. Hujakosea. Umeigawa safari katika hatua za dakika nzima nzima, na ndani ya kila dakika umeondoa dawa kana kwamba haijapungua tangu dakika ilipoanza. Punguza hatua iwe sekunde 6, yaani zidisha kwa 0.984 mara 50, na utapata karibu 45. Kila modeli ya kompyuta, hata ile ya mamilioni ya vipande, ina tatizo hili hili la ukubwa wa hatua. Ni heri ulijue kwenye jedwali la safu moja kuliko ulikute kwenye tasnifu.

Mlango wa pembeni

Basi dawa inayotoka kwenye machozi inakwenda wapi? Kila kope, karibu na pua, ina kitundu kidogo unachoweza kukiona kwenye kioo. Vitundu hivyo vinaingia kwenye mfereji wa machozi, mfereji unafungukia puani, na pua inashuka kooni. Njia hiyo ndiyo inayokupa kamasi unapolia. Sehemu kubwa ya tone hupita huko. Inayofanikiwa kupenya konea na kuingia ndani ya jicho kwa kawaida haifiki asilimia 5 ya tone zima.

Jambo hili lina hatari yake. Chukua timolol ya asilimia 0.5, dawa inayotumika sana kwa glakoma, ugonjwa ambao watu wengi wanauita presha ya macho. Asilimia 0.5 ni miligramu 5 kwa mililita. Tone la mikrolita 40 lina miligramu 0.2. Utasema ni kidogo. Lakini dawa iliyofyonzwa na utando wa pua inaingia kwenye damu moja kwa moja bila kupitia ini kwanza, tofauti na kidonge kilichomezwa. Timolol hubana njia za hewa na kupunguza mapigo ya moyo. Kwa hiyo mwenye pumu hapewi timolol, hata kama ni “dawa ya macho tu”. Ndugu mnaosoma tiba na famasia, swali la pumu liulizwe kila mara kabla ya chupa kutoka dirishani. Na wewe ambaye una mzazi anayetumia matone haya na kifua kinambana, mpeleke akamwone daktari wake upya.

Njia ya kuufunga mlango huo ni rahisi kuliko zote. Ukishatia tone moja, funga macho bila kuyakaza, kisha bonyeza kwa kidole kona ya ndani ya jicho, pale kwenye ubavu wa pua, kwa dakika chache. Utafiti wa Zimmerman na wenzake uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba kufanya hivyo kwa dakika 5 kulipunguza dawa iliyoingia mwilini kwa zaidi ya asilimia 60. Kwenye modeli yetu, kubonyeza ni kupunguza k. Jaribu kuweka 0.05 badala ya 0.16: baada ya dakika 15 inabaki asilimia 47 badala ya 9. Nambari 0.05 nimeichagua mimi kwa mfano tu, lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Dawa inayokaa nje ya pua ndiyo hiyo hiyo inayopata muda wa kupenya konea.

Tukizungumzia macho katika magazeti yetu ya Kiislamu tunakimbilia kumtaja Ibn al-Haytham, na anastahili. Lakini yeye alishughulika na nuru. Waliohangaika na swali letu hili, dawa ikae vipi juu ya jicho, ni makahhali, matabibu wa macho kama Ali ibn Isa wa Baghdad aliyeandika Tadhkirat al-Kahhalin mapema katika karne ya 11. Dawa zao nyingi zilikuwa poda, lihamu na vijiti vilivyokaushwa, vikasuguliwa na kuyeyushwa wakati wa kutumia. Kitu kizito hukaa muda mrefu kuliko maji. Viwanda vya leo vinapotengeneza dawa ya macho ya jeli au mafuta, vinafuata hoja hiyo hiyo.

Tone mchana wa Ramadhani

Sasa turudi kwa aliyefunga. Wanazuoni wa Kishafii, ambao wengi wetu Burundi tunafuata madhehebu yao, pamoja na Wahanafi, wanaona kwamba kinachotiwa jichoni hakibatilishi funga, kwa kuwa jicho halihesabiwi kuwa njia iliyo wazi kuelekea tumboni. Wamaliki na Wahanbali wanaangalia kama kitu chenyewe kimefika kooni, kikifika, kinabatilisha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililijadili suala hili katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1997 (1418 Hijria), likaamua kwamba matone ya macho hayafunguzi, mradi mtu ajiepushe na kumeza kinachomfikia kooni.

Angalia jinsi kidole kwenye kona ya jicho kinavyotumika hapa mara mbili. Kinaokoa dawa isipotee, na kinampunguzia mtu kile kinachofika kooni, kwa hiyo hata mwenye kutaka kujitoa kwenye hitilafu ya wanazuoni amepata njia. Zaidi ya hapo, ratiba yenyewe mara nyingi haina mgogoro. Sisi tuko karibu na ikweta. Kutoka alfajiri hadi magharibi ni takriban saa 13 mwaka mzima. Timolol hutiwa mara mbili kwa siku: tone la daku na tone la futari yanakaa karibu sawasawa na saa 12 ambazo daktari anazitaka. Latanoprost hutiwa mara moja, usiku. Ni dawa za mara nne, au matone ya baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho, ndizo haziwezi kusubiri jua lizame, na mgonjwa wa aina hiyo asiahirishe kwa kujiamulia mwenyewe. Amwulize daktari wake, na amwulize shekhe wake. Wallahu a’lam.

Nasisitiza kwa sababu glakoma haiumi. Mtu akiacha matone mwezi mzima hahisi kitu, na uoni unaopotea pembeni haurudi. Tena hata bila Ramadhani, matone ni tiba ngumu kuishika. Kule Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, Heiko Philippin na wenzake waliwagawa wagonjwa wa glakoma kwa bahati nasibu: baadhi wakapewa timolol ya asilimia 0.5, wengine wakapigwa leza inayofungua njia ya maji kutoka jichoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifanikiwa kwa asilimia 31 ya macho yaliyotiwa timolol, na asilimia 61 ya yale yaliyopigwa leza. Modeli ya tone inatusaidia kuelewa sehemu ya pengo hilo: tiba inayotegemea dakika 15 za bahati, mara mbili kwa siku, siku 365 kwa mwaka, ina nafasi nyingi sana za kuharibika.

Kuzunguka kwa njia ya damu

Kuna mfano mwingine, na huu ni wa nyumbani. Mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Burundi imeutokomeza ugonjwa wa trakoma, yaani vikope, kama tatizo la afya ya jamii. Alhamdulillah. Uchunguzi wa mwaka 2009 na 2010 ndio ulioonyesha ugonjwa ulivyoenea nchini, na kazi ikaanza hapo: dawa, usafi wa uso, maji, na upasuaji wa kope zilizogeuka ndani.

Dawa ya zamani ya trakoma ni lihamu ya tetrasiklini ya asilimia 1, mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Hesabu: ni mara 84, machoni pa mtoto anayelia na kukimbia. Azithromycin inamezwa mara moja tu, miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili, isizidi gramu moja. Kwa nini dozi moja ya tumboni iweze kushinda mara 84 za jichoni? Kwa sababu azithromycin hujikusanya ndani ya seli za mwili na kukaa humo siku kadhaa, na utando wa ndani ya kope, anakoishi mdudu wa trakoma, unalishwa na mishipa ya kawaida ya damu isiyo na kizuizi kikali. Kule Rombo, Tanzania, Solomon na wenzake walichapisha mwaka 2004 jinsi dozi moja iliyogawiwa karibu jamii nzima ilivyoporomosha maambukizi. Lihamu imebaki hasa kwa watoto wachanga chini ya miezi 6.

Njia ya damu basi ni nzuri kwa kope. Kwa retina, iliyo nyuma kabisa ya jicho, hali ni nyingine. Mishipa yake imezibwa kwa ukuta wa seli zilizoshikana sana, na dawa nyingi zikifika hapo hazipiti. Tone nalo halifiki, kwa sababu lenzi na mikondo ya maji vinalizuia. Inabaki sindano.

Nyuma ya lenzi

Jicho lina maji ya aina mbili, na tofauti yao ndiyo nusu ya somo hili. Mbele ya lenzi kuna maji mepesi, kama mikrolita 250, yanayotengenezwa kwa kasi ya mikrolita 2.5 hivi kila dakika. Gawanya: kila dakika 100 yamekwisha badilika yote. Huo ni mto. Nyuma ya lenzi kuna ute mzito, mililita 4, jeli iliyo karibu yote maji lakini imeshikwa na nyuzi laini sana. Hilo ni ziwa.

Simama ufukweni hapa Bujumbura baada ya mvua kubwa, pale Ntahangwa unapoingia Tanganyika. Maji mekundu ya udongo yanaingia kwa nguvu yakielekea mbele. Huo ni mtiririko. Kisha pembeni rangi inafifia polepole, hata pale ambapo hakuna mkondo unaouona. Huko kufifia kunafanana na kile tunachokiita msambao: kitu kutoka palipo na wingi kwenda palipo na uchache. Adolf Fick aliiandika kanuni yake mwaka 1855. Ukiunganisha mambo mawili hayo unapata mlinganyo wa pili, ambao ndio uti wa mgongo wa karibu kila modeli ya dawa ndani ya ute wa jicho:

∂C/∂t = D∇²C − v·∇C

D ni wepesi wa dawa kusambaa, v ni kasi ya maji yanayoibeba. Ndani ya ute v ni ndogo mno, hivyo D ndiyo inayotawala. Na D inategemea ukubwa wa molekuli. Kwa molekuli ndogo kama fluoresini, rangi ambayo madaktari wa macho huitumia, D ni takriban 6×10⁻⁶ sm² kwa sekunde. Kwa kingamwili kama bevacizumab, yenye uzito wa kilodaltoni 149, ni karibu mara 12 chini ya hapo, kama 5×10⁻⁷. Muda wa kusambaa umbali L ni takriban L²/6D. Kwa sentimita moja, molekuli ndogo inahitaji saa 8 hivi, kingamwili karibu siku 4.

Bevacizumab ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Madaktari wa macho wakagundua kuwa inazuia pia mishipa mibovu inayovuja kwenye retina, kama ile ya wagonjwa wa kisukari, na tangu mwaka 2013 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa matumizi ya macho. Hudungwa miligramu 1.25 ndani ya mililita 0.05. Ikishachanganyika na mililita 4 za ute, ukolezi wa wastani ni mikrogramu 312 hivi kwa mililita.

Inakaa muda gani? Jaribu kwanza modeli rahisi. Lichukue jicho kama mpira wa mililita 4; nusu kipenyo chake kinakuja karibu sentimita moja. Weka sharti mpakani kwamba retina inanyonya kila molekuli inayoigusa. Hesabu inatoa nusu-uhai, yaani muda wa dawa kupungua kwa nusu, wa siku moja na nusu. Vipimo vya wagonjwa vilivyochapishwa mwaka 2008 vilitoa siku 9.82. Tumekosa mara sita! Na kosa hilo linafundisha kuliko jibu sahihi. Mlinganyo ni ule ule, D ni ile ile. Kilichotudanganya ni sharti la mpakani. Retina si mlango wazi. Ule ukuta unaozuia dawa isitoke kwenye damu kuingia jichoni, ndio huo huo unaoizuia isitoke jichoni kwa urahisi. Kingamwili nyingi inalazimika kutambaa kwenda mbele, ipite pembeni ya lenzi, iingie kwenye ule mto wa maji mepesi na kutoka nao.

Wataalamu hawaishii kwenye mpira. Wanaligawa jicho katika maelfu ya vipande vidogo vyenye umbo la kweli la lenzi, ute na retina, na kompyuta inatatua mlinganyo kipande kwa kipande, kila kimoja kikipokea kutoka kwa jirani yake. Friedrich, Cheng na Saville wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha kazi za namna hii mwaka 1997, kwa jicho la sungura na la binadamu, wakionyesha kuwa mahali ncha ya sindano inapoachia dawa, na ujazo wake, hubadilisha kile kinachofika kwenye retina. Vipimo vinavyotoka kwa wanyama kwa kutegemea sindano isiyolenga mahali pamoja, basi, vinaweza kutofautiana bila dawa yenyewe kuwa na kosa.

Sungura si mtu mdogo

Dawa nyingi za macho hujaribiwa kwanza kwa sungura. Ute wake ni mililita 1.5. Ikiwa msambao ndio unaotawala, muda unakua kwa mraba wa urefu, na urefu ni mzizi wa tatu wa ujazo. Kwa hiyo kutoka sungura kwenda kwa mtu tunazidisha kwa (4/1.5)^(2/3), yaani 1.92.

Bevacizumab kwa sungura ina nusu-uhai wa siku 4.32. Zidisha: 8.3. Kwa binadamu ilipimwa 9.82. Ranibizumab, molekuli ndogo zaidi, ni siku 2.88 kwa sungura. Modeli inatabiri 5.5, na kipimo cha binadamu ni 7.19. Kwa hesabu ya mstari mmoja isiyo hata na kompyuta, hiyo si mbaya. Lakini angalia kwamba zote mbili zimekosea upande mmoja, chini. Kosa la bahati lingeyumba huku na huku. Kosa la upande mmoja linasema kuna kitu tumekisahau. Lenzi ya sungura ni kubwa sana kwa jicho lake, na umbo la njia ya kutokea mbele si sawa na letu. Hapo ndipo modeli yenye umbo halisi inapolipa gharama yake.

Sasa tumia siku 10 kwa bevacizumab ili hesabu iwe nyepesi. Mgonjwa anatoka Makamba au Muyinga kuja mjini kwa sindano. Siku ya 30 imebaki mikrogramu 39 kwa mililita. Akikosa nauli akaja siku ya 60, imebaki 5 hivi. Je, tungemzidishia dozi mara mbili ili imfikishe mbali? Fanya hesabu uone: dozi mara mbili inanunua nusu-uhai mmoja tu, siku 10. Dozi mara nne, siku 20. Lakini ukiweza kuifanya dawa itoke taratibu mara mbili, umeongeza maradufu muda wote. Ndiyo sababu utafiti umeelekea kwenye vijiti vidogo vinavyoyeyuka ndani ya jicho na kuachia dawa kidogo kidogo, kama kile cha deksamethasoni kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2009, na cha bimatoprost kwa glakoma mwaka 2020. Mgonjwa wa Muyinga ndiye anayevihitaji kuliko wa Geneva, ingawa kwa bei ya leo havimfikii.

Tahadhari moja kwa mwanafunzi mwenye bidii: nambari hizi ni za wastani. Ute wa mzee huyeyuka sehemu sehemu ukawa maji, na jicho lililofanyiwa upasuaji lina milango mingine. Modeli inamsaidia daktari kuuliza swali zuri. Haipangi tarehe ya sindano ya mtu.

Kazi ya kufanya

Python ni ya bure, na FEniCS, inayotatua milinganyo kama ule wa pili, ni ya bure pia. Zipakue wakati mtandao upo, maana zikishaingia hazihitaji intaneti, na modeli ya mpira inakwenda kwenye kompyuta ya kawaida kwa dakika chache. Hata umeme ukikatika betri itakumalizia. Mwenzako wa Kamenge, anayezunguka wodi za pale Roi Khaled, atakwambia ni kipimo gani kina maana kwa mgonjwa. Mhandisi na tabibu wakae meza moja.

Anza na mpira na sharti la retina inayonyonya kila kitu. Ukipata siku moja na nusu, programu yako iko sawa. Kisha fanya retina ipitishe kidogo kidogo, ukirekebisha kiasi cha upenyaji mpaka nusu-uhai ufike siku 9.82. Rudia kwa ranibizumab na siku zake 7.19, uone kama upenyaji uleule unafaa au hapana.

Atakayemaliza hilo ahamie mbele ya lenzi. Konea hupozwa na hewa ya nje na iris hupashwa na damu, kwa hiyo maji mepesi hupanda upande wa iris na kushuka upande wa konea, mzunguko ambao modeli za kompyuta zimeueleza vizuri, na ambao huacha mstari wa wima wa chembe nyeusi kwenye konea za baadhi ya wagonjwa. Modeli nyingi ziliwekewa hewa ya chumba cha Ulaya au Marekani. Weka nyuzi 31 za mchana wa Bujumbura, kisha mlaze mgonjwa chali, uone mzunguko huo unabaki na kasi gani, na dawa iliyopenya konea inachukua njia ipi.